Begonia Mbili za Kumposa Esta

Nakumbuka siku niliyotoka Nyakitonto kwenda Titye kwa miguu, kapu mkononi, roho juu. Ndani ya kapu mlikuwa na makopo mawili ya begonia. Moja lilijaa maua mekundu. La pili, mwanangu, lilikuwa udongo mtupu.

Nilikuwa namchumbia Esta, huyu huyu mama yako anayenikatiza kila nikianza kusimulia. Alilelewa na bibi yake, na kwa bibi yule hakuna mjukuu aliyeolewa bila sharti: mchumba apewe begonia mbili, moja ngumu, moja laini, azitunze mpaka kiangazi kiishe. Akizirudisha, ndipo wazee waitwe kuzungumzia posa. Wenzangu walinicheka. Kijana mzima, mlima maharage, anamwagilia maua! Nami nilimwagilia, tena nikiimba, maana Esta nilimpenda, sikuona haya.

Ile ngumu haikunisumbua. Hata kuku wakiiparura, ilichipua tena. Ile laini ilitoa maua makubwa ya rangi ya chungwa, majirani wakawa wanakuja kuyaangalia. Kiangazi kilipokolea, majani yakawa ya njano, shina likaanguka. Nikajua Esta ndiyo basi tena. Kopo nikalisukuma chini ya ghala, hata maji nikaacha kulitilia. Nilizunguka soko zima la Kasulu nikitafuta nyingine, nikakosa. Nikaona heri nifukuzwe kuliko kukimbia.

Kule Titye, Bibi aliangalia kopo, kisha akaniangalia mimi.

"Bibi, imekufa," nikasema.

Alifukua udongo kwa kidole, akatoa kiazi kidogo cha kahawia, akakiminya. Kilikuwa kigumu, na kichwani kimeanza kuchomoza chipukizi.

"Imelala, wewe. Hizi laini hulala kiangazi. Ungezidi kuimwagilia ungeiozesha. Mbona umeweka matanga kabla hujafukua?" Kisha akakaza uso. "Huyu Esta wangu naye ana siku zake za kunyamaza. Utakuja kuniambia amekufa?"

"Hapana, Bibi. Nitamsubiri."

Esta alicheka kule jikoni. Bibi naye akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika mbavu, halafu akatuma wazee waitwe. Furaha niliyorudi nayo nyumbani siku ile sijapata kuimaliza.

Sasa sikiliza, mwanangu. Jana umeniambia mkeo amekuwa mkimya, hacheki tena, nawe unataka umrudishe kwao. Usifanye hivyo. Wapo watu wagumu kama wewe, hata wakisahauliwa wanachanua, na wapo wanaohitaji kupumzika pasipo kelele. Usimmwagie maswali asubuhi na jioni. Mpunguzie kazi, kaa karibu naye, mguse kwa upole, ngoja. Uhai upo, hata kama huuoni.

Nenda nyumbani kwako leo, usilale hapa. Imana, Mungu wetu, awalinde ninyi wawili, na mvua ya kwanza iwakute mmekaa barazani pamoja.