Kilima Nyuma ya Zizi la Bibi Resi

Ipo siku moja ninayoikumbuka hadi baridi yake, mwanangu. Nilikuwa kijana, nimesimama kwenye foleni chini ya mlima nchini Austria, mikono nimeificha mfukoni kwa sababu glavu zangu zilikuwa na matundu. Mbele yangu kulikuwa na dirisha la tiketi za kwenda kuteleza kwenye theluji. Nilipofika, dada wa tiketi akanitajia bei. Nikamwomba arudie, nikidhani Kijerumani changu ndicho kilichoniangusha. Akarudia. Kijerumani changu kilikuwa hakina tatizo. Tatizo lilikuwa bei.

Nakuandikia habari hii kwa sababu tangu jana sijatulia. Jana Eliamini, mtoto wa dada yangu, alipanda milima yetu ya Upare kwa bodaboda kutoka kijiji cha Mamba kuja kuniona. Hata chai hakungoja ipoe.

"Shikamoo mjomba. Nimepata mnunuzi wa lile shamba la tangawizi. Jumatatu anakuja na pesa."

"Marahaba. Shamba lipi? Lile aliloacha baba yako?"

"Ndilo hilo. Nataka ada ya chuo cha hoteli, kile kikubwa cha mjini. Wana hadi bwawa la kuogelea, mjomba! Wewe umesoma Ulaya. Mimi nikasome wapi, ufundi Hedaru, chini ya lori?"

Kabla sijamjibu alikwisha kuinuka. Akapanda bodaboda yake, akashuka mlima. Tangu hapo nakaa, nasimama, naenda dirishani kutazama tambarare ya Makanya ilivyokauka kule chini, narudi kitini. Shamba likishauzwa halirudi. Kwa hiyo nimechukua kalamu, nimwandikie yeye, na wewe pia uliye kama yeye.

Kwanza unijue. Mimi sikubebwa na mtu. Nilianza kwa kushusha tangawizi kichwani hadi barabara kuu, nikaosha vyombo kwenye hoteli za Moshi, nikajifunza Kijerumani kwa kusikiliza wageni wakigombana na wake zao. Nilipopata nafasi ya kufanya kazi na kusoma Austria, nauli niliilipa mwenyewe. Stashahada yangu iko sebuleni, kwenye fremu ya mninga, ukija utaisoma. Nyumba yangu ya wageni ina maji ya moto kila chumba. Wapo wanaosema najisifu. Ndiyo, najisifu. Anayetaka naye ajisifu, afanye kazi.

Sasa turudi kwenye foleni.

Hoteli niliyofanyia kazi ilikuwa na mgahawa mdogo karibu na kilele cha mlima. Sisi wa chini mkataba wetu ulikwisha theluji ilipoyeyuka. Wa kule juu walikaa mwaka mzima, na mimi nilihitaji mwaka huo ili nimalize masomo. Bila huo ningerudi nyumbani na barua ya shukrani tu. Meneja alinieleza bila kuzunguka.

"Wafanyakazi wa juu hushuka jioni kwa mbao miguuni. Ukijua kuteleza kabla majira hayajaisha, nafasi ni yako. Usipojua, nitakupa mkono wa kwaheri."

Mbao zenyewe ni mbili, ndefu na nyembamba, unafungwa moja kila mguu. Wenzetu huzaliwa wakiziona. Mimi nilikuwa mtoto wa Upare aliyejua kuteleza juu ya maganda ya mgomba, siku za mvua, kwa makalio.

Na kila mwaka kuteleza kulizidi kuwa ghali. Walifunga viti vipya vya kupandishwa kwa waya, vyenye joto chini ya makalio. Theluji ya mbinguni ikaanza kuchelewa, wakaleta mitambo ya kuitengeneza, inayonguruma na kumeza umeme. Gharama hizo zote ziliishia kwenye tiketi. Nasikia siku hizi ndiyo haishikiki kabisa. Tayari wakati ule mke wa muuza nyama pale kijijini aliniambia kwamba yeye aliteleza kila siku akitoka shule, lakini watoto wake wanakaa dirishani kutazama wageni wakiteleza.

Nilinunua tiketi ya siku moja hata hivyo, na mwalimu sikuweza kumlipa. Nikashinda nikipanga foleni na kuanguka, kuanguka na kupanga foleni. Mtoto mdogo alinipita akanirushia theluji usoni, akaniomba radhi kwa adabu kubwa iliyoniuma kuliko kuanguka kwenyewe. Jioni nilirudi nachechemea. Wiki iliyofuata nilikula mkate na supu iliyobaki jikoni. Mama akapiga simu, nikamsimulia nusu.

"Baba yako anauliza," akasema, na kweli nikamsikia mzee akinguruma nyuma yake, "milima ya hapa ilikuwa na kasoro gani, hata uvuke bahari ukaanguke kwenye ya watu?"

Nikacheka, nikakata simu. Kila asubuhi nilitazama matone yakidondoka kutoka kwenye paa. Theluji ilikuwa inakwisha, na mimi sijui hata kusimama.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mwenye ng'ombe aliyeleta maziwa na mayai hotelini. Aliitwa Resi, mjane, mwenye sauti ya kuita mifugo. Asubuhi hiyo nilimfungulia mlango wa jikoni, na kwa uchovu ikanitoka: "Shikamoo."

"Unasemaje wewe?"

Nikamweleza kwamba kwetu mdogo humwamkia mkubwa hivyo, na mkubwa hujibu marahaba. Akaupenda mpango huo papo hapo. "Hapa wananipita kama nguzo ya taa," akasema. Halafu akanitazama mguu. "Umepigwa teke na ng'ombe?"

"Nimepigwa na mlima, Bibi."

"Ule wa tiketi?" Akacheka hadi mayai yakagongana kwenye trei. "Nguzo za kwanza za waya wa mlima ule tulizibeba mimi na marehemu mume wangu, mabegani. Leo nikitaka kumpandisha mjukuu wangu, niuze ndama! Njoo Jumamosi nyuma ya zizi langu. Mbao zipo, za watoto waliorefuka wakaziacha. Tiketi hakuna."

Nyuma ya zizi kulikuwa na kilima ambacho wakati wa joto kilikuwa malisho ya ng'ombe. Kidogo tu, usingekiita mlima hata kwa kumfurahisha mwenyewe. Trekta kuukuu lilizungusha kamba ndefu, unaishika kamba, inakuvuta juu, unaiachia, unateleza. Watoto wa kijiji walijaa. Bibi Resi alikuwa amekwisha kuwafundisha, na kila aliyetaka kushika kamba alipaza sauti, "Shikamooo!", naye anajibu kutoka kwenye trekta, "Marahaba, twende!" Nilisimama pale nimeduwaa, mwanangu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa sokoni mahali asipojulikana.

Mara ya kwanza nilishuka nimekaa, kama juu ya ganda la mgomba. Watoto wakafurahi, wote wakaanza kushuka wamekaa. Bibi Resi akazima trekta.

"Mwafrika, unaniharibia shule! Simama!"

Bure hiyo ilikuwa na sharti moja. Kila theluji mpya ilipoanguka, ililala laini kama unga, na kamba haikuwashwa mpaka watu wote wapange mstari chini ya kilima, mbao miguuni, wapande kiubavu hatua kwa hatua, wakikanyaga, mpaka theluji igandamane kuanzia chini hadi juu. Mapaja yaliwaka moto. Wazee walikanyaga, na watoto, na hata mchungaji wa kanisa. Mimi Jumamosi ya kwanza nilikuta wameshamaliza. Jumamosi ya pili nilikuwa nimetoka zamu nzito ya vyombo, nikaona nitumie akili. Nilimpelekea Bibi Resi noti kidogo ndani ya bahasha.

"Nini hii?"

"Ni mchango wangu, Bibi. Kwetu Upare tuna msaragambo, kazi ya kijiji. Tunazibua mfereji wa maji ya mashamba pamoja. Asiyeweza kuja hulipa faini, mambo yanaisha."

"Na hiyo faini inachimba?"

"Inanunua makande ya waliochimba."

Akaigeuzageuza bahasha. "Sasa hao wenye pesa kwenu, wanajua mfereji unapita wapi?"

Nilimkumbuka baba yangu mdogo, mwenye duka Same mjini. Yeye alilipa faini kila mwaka na watu walimsifu. Mwaka maji yalipokatika shambani kwake, alizunguka mlimani na viatu vyake vya ngozi akiwauliza watoto wa shule maji huwa yanatokea upande gani. Migomba yake ilikauka akiwa bado anauliza.

"Rudisha mfukoni," Bibi Resi akasema. "Hapa hatuna njaa ya pesa, tuna njaa ya miguu. Ingia kwenye mstari, pale nyuma ya mjukuu wangu, na usimkanyage."

Nikaingia. Nilikanyaga nikiwa nimenuna, tena nimenuna kweli. Lakini mguu unaopanda kiubavu mara nyingi hivyo hujifunza kitu bila kukuuliza: unajua ubavu upi wa mbao unauma theluji, uzito uuweke wapi, lini itakuponyoka. Kushuka kukaja kwenyewe. Kazi niliyokuwa naikimbia ndiyo iliyokuwa mwalimu wangu, na sikuilipa hata senti.

Siku ya mtihani wa meneja upepo wa joto ulivuma. Theluji ilikuwa imelegea kama uji. Meneja alitupandisha hadi mgahawani, mimi na kijana mwingine kutoka mjini aliyeitaka nafasi ile ile, mpole, mwenye koti zuri, aliyelipiwa na baba yake mafunzo yote ya mlima mkubwa. Alishuka mbele yangu kama ndege. Mimi nilishuka kama mtu anayebeba trei ya glasi, nikifikiria mama nitamwambia nini.

Katikati ya njia ya wafanyakazi palikuwa na korongo dogo, na baada yake mwinuko mfupi. Hapakuwa na viti vya waya wala kamba. Ilibidi kupanda. Yule kijana alijaribu, akarudi nyuma. Akajaribu tena, akarudi. Mwishowe akazivua mbao ili atembee, akazama kwenye theluji hadi kiunoni.

Mimi niligeuka ubavu, nikaanza kukanyaga. Hatua, hatua, kama nyuma ya zizi. Niliikanyaga theluji ile iliyolegea ikawa ngazi. Nikafika juu, nikarudi nikampa mkono, akapanda kwenye alama zangu. Nasema ukweli, siku ile nilijiona mrefu kuliko mlima.

Meneja, aliyeshuka nyuma yetu, alinitazama. "Nani amekufundisha kupanda? Huku watu hufundishwa kushuka."

"Nimefundishwa malishoni kwa Bibi Resi."

Akatikisa kichwa. "Jumatatu unaanza huku juu."

Nilikimbia kijijini kumpa habari Bibi Resi. Alikuwa anakamua, hakuinua hata uso. "Vizuri. Redio imesema theluji itaanguka tena Ijumaa. Jumamosi njoo ukanyage."

"Lakini Bibi, nimeshafaulu!"

"Wewe umefaulu. Kilima je, nacho kimefaulu?"

Nikaenda. Nilikwenda Jumamosi zote nilizopata hadi naondoka nchi ile na stashahada yangu mkononi.

Basi, Eliamini, na wewe mwanangu unayesoma, ushauri wangu ni huu, nausema wazi ili asije mtu akasema sikueleweka.

Usiuze shamba. Sikukatazi kusoma, mimi si mjinga wa kuikataa elimu iliyonipa fremu ile ukutani. Nakukataza kudhani kwamba bei ya dirishani ndiyo kipimo cha utakachojifunza. Bwawa la kuogelea halitakufundisha kutandika kitanda. Vipo vyuo vya ufundi vyenye ada ya kawaida, unakwenda asubuhi unarudi jioni. Lipo jiko langu, lina moto tangu alfajiri. Wapo wageni wangu, na wanaolalamika ndio walimu wazuri. Anzia hapo, na tangawizi ya baba yako ikulipie ada kila mavuno. Ukishajua kupanda kwa miguu yako, nenda kwenye mlima wowote unaotaka, hata wa tiketi.

Na siku wageni watakapojaa katika milima yetu hii, wakitaka kuitembea misitu na kupiga picha, msiweke geti na bei itakayowaacha watoto wetu nje wakichungulia. Mlima niliouacha kule umebaki na wageni na mitambo. Kilima cha nyuma ya zizi, naambiwa, bado kina watoto.

Jumatatu hiyo hiyo ya mnunuzi wako, Eliamini, kuna msaragambo wa mfereji wetu huku juu. Mwaka huu nilipanga kutuma mchango kama watu wazito wanavyofanya, kwa kuwa nina wageni. Tangu ulipoondoka jana nimefikiri tena. Gumbuti zangu nimezitoa stoo, ziko mlangoni. Mpigie mnunuzi simu asihangaike na nauli. Wewe njoo na jembe, usimame kwenye mstari nyuma yangu, na usinikanyage.

Mungu akubarikie miguu yako, mwanangu. Akupe kilima kidogo kilicho karibu na nyumbani, akupe na watu wa kukikanyaga pamoja nawe, na asikuache ufike juu peke yako. Amina.