Mawimbi Yasiyopita Ukuta

Nafanya kazi na mawimbi ya terahezi, yale wanayosema yatabeba mitandao ya simu ya kesho. Yana kasi ya ajabu, lakini yanadeka mno: ukuta unayashinda, jani bichi linayazuia, hata kiganja cha mkono. Wenzangu wa maabara hulaani kuta kutwa kucha. Mimi siwezi kuzilaani.

Kwetu, mtaani Cibitoke, wakati wa vita, ukuta ndio uliotuweka hai. Risasi zikianza tulilala kwenye kuluwari, kile kijia cha katikati ya vyumba kisicho na dirisha. Mama, muuza vitenge, alikuwa amenunua simu ya mkononi na kuipakata kama kitinda mimba, tulimcheka sana. Tatizo ni kwamba kwenye kuluwari haikushika mtandao hata kidogo. Ukitaka kuongea, usimame uani, penye karo ya kufulia.

Asubuhi moja milio ilianza upande wa Carama, mtaa alikoolewa dada yangu. Mama hakuvumilia. Alitoka kwenda uani huku tukimvuta kitenge, akampigia. Nilikuwa mlangoni, nikaisikia sauti ya dada ikikatika-katika.

“Mama, mi sisikie muzuri. Ngoja nitoke inje.”

“Apana! Bakia mu nyumba! Unanisikia? Bakia mu nyumba!”

Hakusikia. Mama alisikia mlango wa bati ukifunguka kule, kisha mlio mmoja, kisha shemeji akipiga mayowe.

Msibani watu walisema ni mapenzi ya Mungu. Nilikasirika, na mpaka leo nina hasira. Mama hakubishana nao. Alisema tu kwamba aliyepiga simu ni yeye.

Sasa, mawimbi haya yetu yana sharti lake. Kwa kuwa hayapiti ukuta, lazima yawekewe kituo kidogo cha mtandao ndani ya kila chumba. Wenzangu wanaona hiyo ni kasoro. Kwangu mimi, hiyo ndiyo niliyoifuata katika kazi hii: nataka mtu aongee akiwa amelala kwenye kuluwari.

Mama angali Cibitoke, na vita viliisha zamani. Lakini aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Nikimpigia, kabla hata ya salamu ananiuliza, “Uko mu nyumba?”

“Ndiyo mama, niko mu nyumba,” namjibu, hata nikiwa nimesimama barabarani.