Sombe ya Msiba wa Ghorofa ya Chini

Yule mama wa ghorofa ya chini alituchukia kabla hata hatujamaliza kupandisha magodoro. Alisimama kwenye ngazi, mikono kiunoni, akawatazama watoto wangu kuanzia kandambili mpaka nywele, halafu akamwambia mumewe kwa Kizulu neno ambalo sikuhitaji kufasiriwa. Neno hilo la kuwatusi wageni nilikuwa nimeshaitwa sokoni, kwenye taksi na hata hospitali. Nami nilimchukia papo hapo, na sioni haya kulisema.

Mumewe alikuwa mtu mwingine kabisa. Mzee mwembamba, mgonjwa wa kifua, ndiye pekee katika jengo lile aliyejibu salamu za watoto wangu. Akiwakuta kwenye ngazi alisogea ukutani wapite.

Hiyo ilikuwa Greyville, mtaa wenye uwanja wa mbio za farasi, mwaka 2009. Kutoka kwenye baraza yetu tuliwaona farasi wa mashindano wakikimbia, wameshiba, hakuna anayewauliza karatasi. Sisi tulikuwa na karatasi za ukimbizi tu, na wenye nyumba wengi wakiziona hufunga mlango. Huyu mmoja alikubali. Kwa hiyo chumba kile kwetu kilikuwa kila kitu: shule ya watoto ilikuwa karibu, na mume wangu aliweza kufika Mobeni alfajiri, kwenye ghala alikobeba mizigo.

Sasa, mimi Jumamosi natwanga sombe. Majani ya muhogo hutwangwa kwenye kinu mpaka yalainike, ndipo yachemshwe na mawese. Siku hizi kuna ya kusagwa na mashine, imegandishwa kwenye mifuko, lakini hiyo ni ya watu waliokatika mikono. Kinu changu kilikaa sakafuni, na sakafu yangu ndiyo dari ya yule mama. Nikianza tu, naye anagonga kwa mpini wa ufagio. Nilikunja blanketi nikaliweka chini ya kinu. Akagonga vilevile. Basi nikatwanga kwa nguvu zaidi, nijue kama ufagio wake utavunjika.

Msimamizi wa jengo alikuja mara ya kwanza, akaja tena. Mara hiyo aliongea na mume wangu tu, mimi nimesimama pale pale. Alisema malalamiko mengine yakifika tunatoka, na wa kupanga hawakosekani.

Kinu nikakisukuma chini ya kitanda. Tukala kabichi wiki baada ya wiki.

Ndipo yule mzee akafa. Tulisikia kilio asubuhi, kisha watu wakaanza kujaa, wakiimba na kusali. Kwetu, jirani akifiwa, jiko lake halifanyi kazi; chakula kinatoka kwa majirani. Na hupeleki chakula cha mchezo. Nikavuta kinu kutoka chini ya kitanda.

"Achana nabo," mume wangu akasema. "Ile mama hatupendaka. Unatafuta nini kule?"

"Mimi sipikie ule mama. Napikia ule mzee."

"Mzee amekufa. Sisi iko na watoto."

Nilimsikia. Nikatwanga. Nilikunja mablanketi yote tuliyokuwa nayo, lakini majani mabichi hayabembelezwi. Chini waimbaji wakanyamaza mmoja mmoja. Nikadhani wanapumzika.

Mlango ulipigwa kwa ngumi. Alikuwa msimamizi, na nyuma yake wanaume wa msiba wamejaa ngazi nzima. Mmoja wao alisema kwa Kiingereza kwamba tunacheza ngoma juu ya maiti yao. Nilianza kueleza, Kiingereza kikanipotea. Nilionyesha jikoni. Hakuna aliyegeuza hata shingo.

"Mwisho wa mwezi," msimamizi akasema. "Sharp?"

Mume wangu alisema iko sharp, yaani amekubali. Alifunga mlango, akakaa juu ya ndoo, hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Nilipika ile sombe mpaka ikaiva. Ningeweza kuimwaga. Niliibeba ikiwa kwenye sufuria yangu kubwa nikaishusha, kwa sababu mzee alikuwa hana kosa. Mjane alikuwa ndani, ameketi kwenye godoro kama desturi yao inavyotaka, hakunitazama. Wifi yake aliipokea sufuria mlangoni, akaufunga mlango kwa mguu.

Kesho yake binti yangu alituambia kwamba wamekula. Watoto wa msiba walikuwa wamekaa kwenye ngazi wakifuta sahani kwa mkate. Walikula, na hakuna aliyekwenda kwa msimamizi kututetea. Hilo ndilo liliniuma kuliko ngumi za mlangoni.

Siku ya kuhama yule mama alipanda ngazi mwenyewe, amevaa nguo nyeusi, ameshika sufuria yangu. Ilikuwa imesuguliwa inang'aa. Alisema nami kwa Kiingereza cha polepole, kama watu wanavyosema na viziwi.

"Kile chakula cha kijani. Watoto wanakiulizia. Kinapikwaje?"

"Kinatwangwa, mama," nikamwambia. "Pale juu ya kichwa chako."

Mume wangu alikuwa anatoka mlangoni na kinu begani. Yule mama alikitazama, akatazama mchi mkononi mwa binti yangu. Akafungua mdomo. Sikungoja kusikia. Nilimpokonya sufuria yangu nikashuka, na hasira ile ninayo mpaka leo.