Mti usiowaka

Juzi, kwenye kitalu cha miche hapa Kigoma, mama mmoja anayelima jirani na kambi ya wakimbizi alikataa miche ya bure. Bwana shamba akamweleza kwa upole kwamba miti ikiwa katikati ya mahindi hutunza unyevu, maana mvua siku hizi haieleweki.

“Ile ya kwanza ilikatwa yote ilipofika kiunoni,” mama akasema. “Wenzetu kambini wanapewa maharage makavu, kuni hawapewi. Hata mimi ningekata. Nipe mti usiowaka.”

Bwana shamba akaitazama miche yake, mmoja mmoja, kana kwamba huenda upo. Mama akakaza kanga, akaondoka mikono mitupu.

Wageni tumewapa maharage, wenyeji tumewapa miche, halafu tunashangaa vyote viwili vikikutana jikoni.