Gurudumu la Dubai Linashushia Wapi?

Tunduma nzima inanijua kwa matairi. Nimeishia darasa la nne, lakini malori ya Zambia yananipigia foleni mimi. Mke wangu alipotaka tukapande lile gurudumu kubwa la Dubai, nililiangalia kwenye simu, nikaona lina vyumba na viti. Nikajua ni usafiri.

Nikamchukua na mama mkwe, ambaye hajawahi kuniheshimu, twende wote kwa wakala wa safari ashuhudie.

"Teksi ya nini?" nilimfokea binti wa tiketi alipotuwekea teksi ya uwanja wa ndege kwenye hesabu. "Gurudumu litatuchukua hotelini, litushushe uwanja wa ndege!"

Binti akauma midomo. "Baba, lile linazunguka palepale. Mnashukia mlipopandia."

Mama mkwe akamgeukia mke wangu. "Hivi mwanangu, malori anayoyafungia matairi mumeo huwa yanafika kweli?"