Walinitoa Nyongo, Wakanificha Msiba

Dada zangu, ahsanteni kwa kunipa nafasi. Nitasema yote, hata yasiyopendeza, maana huenda kuna mmoja hapa anashika ubavu wake sasa hivi na kujiambia ni gesi tu.

Mimi ni Sahra. Ni Msomali wa Kenya, nimekulia Eastleigh, Nairobi, na nilikuja Birmingham na mume wangu Yusuf baada ya kuishi Uholanzi. Tunakaa mtaa wa Northfield na binti yetu, Hodan. Haya yalinipata kabla ya korona, nilipokuwa nikipika katika jiko la shule. Ni kazi ya kusimama kutwa, na niliiweza. Kila Ijumaa nilimpigia mama yangu simu Nairobi. Alikuwa mtu wa kufoka na kucheka kwa pamoja. "Umekula nini?" ndilo lilikuwa neno lake la kwanza, kabla hata ya salamu.

Ugonjwa ulianza na sambusa za harusini. Kabla sijafika nyumbani, maumivu yalinishika chini ya mbavu za kulia yakapanda mpaka begani. Nilitapika hadi nikawa natoa maji machungu ya kijani. Daktari wa mtaani akanipa dawa ya asidi. Maumivu yakarudi, nikaenda tena, nikapewa dawa ile ile.

"Punguza mafuta, Sahra," Yusuf akasema. "Na punguza kulalamika."

Nilipunguza vyote viwili. Maumivu hayakupungua.

Miezi ikapita hivyo. Kisha mwili ukaanza kuniwasha, nikawa najikuna mpaka damu. Mkojo ukawa mweusi kama chai ya rangi, choo kikawa cheupe kama udongo wa mfinyanzi. Siku moja kazini nikaanza kutetemeka kwa homa. Mwenzangu aliponitazama usoni akashtuka: "Sahra, macho yako ya manjano!" Yusuf alikuja na gari mbio akanipeleka hospitali, na safari hiyo hakutaja mafuta.

Picha ilionyesha mawe kwenye kibofu cha nyongo, na moja lilikuwa limeteremka likaziba mrija wa nyongo. Waliingiza kamera kwa mdomo wakalitoa. Lakini kibofu chenyewe kilikuwa kimeshaanza kuoza. Daktari wa upasuaji alikuwa mama wa Kikalasinga ambaye wazazi wake walitoka Kisumu. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini kilinituliza kuliko sindano zao.

"Mama, hii nyongo naoza," akaniambia. "Leo natoa. Hapana ngoja."

Alitaka kutumia matundu madogo, lakini aliyoyakuta ndani yalimlazimu anipasue. Niliamka nikiwa na mrija ubavuni, unachuruzisha majimaji ya kijani kwenye mfuko, na kidonda kilichonifanya niogope hata kukohoa. Chakula kilinichefua. Nikaomba simu nizungumze na mama.

"Mama amelala," Yusuf akasema.

Nilipoomba tena, akasema simu ya mama imeharibika. Halafu siku moja akaja na uji, akaketi kando ya kitanda. "Nimempata mama kwa simu ya jirani. Amesema unywe uji, hata kama hutaki. Amesema usimtie aibu mbele ya Wazungu."

Yalikuwa maneno ya mama kabisa. Nilifumba macho nikameza kijiko baada ya kijiko, kwa ajili yake.

Nilipopata nafuu, yule daktari alikuja kunitoa mrija. Alipomaliza akaketi. "Mama, pole sana. Binti yako naambia mimi. Mama yako nakwenda."

"Anakwenda wapi?" nikamuuliza. Nilidhani mama anasafiri.

Akanishika mkono, akaacha Kiswahili, akaniambia kwa Kiingereza kwamba alidhani nimeshaambiwa. Mama alikuwa amefariki kwa shinikizo la damu siku ile ile niliyopasuliwa. Alikuwa ameshazikwa.

Nililia nimekandamiza mto juu ya kidonda, maana kulia kunakaza tumbo, na tumbo lilikuwa na nyuzi.

Yusuf alipofika na Hodan, nilimuuliza kwa nini.

"Ungekufa, Sahra. Tulikuwa tunakulinda."

"Na uji? Nani alisema ninywe uji?"

Hodan ndiye aliyejibu, kwa Kiingereza kama kawaida yake: baba alimwapisha asiniambie, na kwa kuwa hakuweza kubeba msiba peke yake, akamwambia daktari kwamba bibi amefariki, bila kutaja kwamba mimi sijui. Sikumlaumu.

Niliporuhusiwa kusafiri nilikwenda Nairobi. Kaburini udongo ulikuwa umeshatulia na nyasi zimeota. Wafiwa walikuwa wameshatawanyika. Nilisimama pale kama mgeni aliyekosea siku.

Leo ni mzima, alhamdulillahi. Namshukuru yule daktari, na dua zangu hazimsahau. Dada zangu, ukiona macho ya manjano au mkojo mweusi, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Ukipewa dawa isiyokufaa, rudi, na ukikatishwa tamaa rudi na mtu wa kukusemea. Na wewe unayemuuguza mwenzio, usimtie maiti maneno mdomoni. Mwili wangu ulihimili kisu; ungehimili na ukweli.

Watu huniuliza kama nimemsamehe Yusuf. Tunaishi nyumba moja. Namshukuru kwa kunikimbiza hospitali, na hilo namwambia. Lile la uji bado.