Mama Mdogo wa Ayalandi Ananitaka Ningoje Kifo cha Mama Yake

Admin, ficha jina langu, ila maneno yangu usiyapunguze makali.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mzaliwa wa Lubumbashi. Naishi Saint-Gilles, hapa Brussels, peke yangu tangu talaka. Mama yangu amebaki kule, na moyo wake ni mgonjwa. Baba yake alikuwa askari wa Ayalandi aliyeletwa na Umoja wa Mataifa jimboni kwetu Katanga baada ya uhuru, akaondoka kabla mama hajazaliwa. Mama amekua akichekwa kwamba hana kwao. Sheria ya Ayalandi inampa uraia mjukuu wa mtu aliyezaliwa kule, mradi undugu uthibitishwe. Na msinirukie kwamba natafuta viza! Paspoti ya Ubelgiji ninayo. Nataka serikali ikiri kwamba mama yangu ana baba, naye alisikie hilo akiwa hai.

Nilipima DNA yangu kwa mate, tovuti ikanionyesha ndugu wa damu, nikampata binti wa yule askari, aliyezaliwa ndani ya ndoa. Askari mwenyewe ameshafariki. Binti akaja Brussels, tukakaa mgahawani Galerie d'Ixelles. Alipocheka, niliona meno ya mama. Nikamwita mama mdogo, akalia. Nikamweleza kwamba bila yeye kupimwa rasmi sina kesi.

"Nitapimwa," akasema, "mama yangu akishafariki. Ana zaidi ya miaka tisini, hajui lolote la Katanga. Usiniulie mama."

Niliwaka. "Tumefichwa maisha yote, na bado tujifiche?"

Akachukua mkoba wake akaondoka.

Nilimpigia mama nikijua atasimama nami.

"Bon, mwana yangu, weye unapenda vita," akasema. "Acha ule mumama akufe akijua bwana yake alikuwa wake tu."

"Na wewe ukitangulia?"

"Alors, nitamukuta papa kulekule, nitamuuliza miye mwenyewe. Papier ya serikali ya nini?" Akacheka mpaka akakohoa.

Tangu siku hiyo sina wa kuzungumza naye. Marafiki wa hapa wanasikia neno moja tu: "Paspoti ya pili? Una bahati, maman!" Nimezoea kubishana na dunia nzima, ila si na mama anayenicheka huku pumzi zinamwishia.

Anwani ya yule bibi, mjane wa askari, ninayo. Nikimwandikia, siri imekwisha, na mama mdogo hatakuwa na sababu ya kukataa. Nikinyamaza, nitakaa hapa nikiombea kifo cha mwanamke asiyenikosea kitangulie cha mama yangu. Ninyi mlio na wazazi wagonjwa, semeni nami: nimwandikie, au nisimwandikie?